Akiba ya Mshono

Jumamosi ni harusi ya Onziru, kule Koboko,
na leo Alhamisi mama amesimama juu ya mkeka
ndani ya kitenge chake cha mafeni,
mikono ameitandaza kama anayepekuliwa mpakani.

Nguo inamzunguka. Haimgusi.

Aliinunua Ariwara, mwaka ule tumbaku ilipolipa,
yadi sita, akavuka nazo kiunoni,
mizunguko mitatu chini ya gauni la kanisani,
na afisa wa forodha akampisha kwa heshima ya ujauzito.
Kila nguo hii ikitoka sandukuni hutusimulia.
Leo kanyamaza, nikaisimulia mimi, pini mdomoni:
"...akakwambia pole, mama."
"Si pole," akasema. "Hongera."

Nabana ubavuni. Vidole viwili vya kitambaa.
Nabana tena. Vinne.
Feni moja inamezwa kila upande,
panga lake moja linabaki nje, linachungulia.

Sijawahi kumpima mama. Mpimaji alikuwa yeye,
kwa kamba ya katani yenye mafundo:
fundo la kifua, fundo la kiuno, fundo la goti,
na kila Januari fundo linahama.
"Wewe unakula au unajengwa?"
Sare yangu aliipa upindo wa shubiri nzima,
akawa anaufumua kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka,
na pale mkunjo wa zamani ulipokuwa
ukabaki mstari wa buluu mbichi ambayo jua halikuiona.
Wasichana wa Mvara waliniita Ngazi.
Nilimaliza la saba nina vidato vitatu.

Mkasi uko gotini.
Kitambaa kikizidi ndani kitavimba kwapani,
kitamkwaruza kwenye mbavu;
fundi yeyote wa sokoni angekata, akafunga kingo,
akadai elfu kumi na asante juu.
Mama anausikia mkasi kabla sijaushika.
"Usikate."
"Kitajikunja, mama."
"Na kijikunje. Simsim ikivunwa nitajaza."

Karatasi ya Kuluva iko chini ya godoro langu.
Nimeisoma mbele na nyuma.
Haina neno kuhusu simsim.

Basi napiga bandi, hatua ndefu, uzi mweupe,
aina ya mshono ambao ukivuta ncha moja
wote unatoka, na kitambaa hakikumbuki.

Umeme umekatika tangu saa tisa
lakini cherehani yetu ni ya mkono.
Yeye, shuka kifuani, anazungusha gurudumu;
mimi naongoza kitambaa.
Tunashuka kutoka kwapani, tunapita mbavu,
na tunapofika nyonga kasi inapungua,
sindano inainuka, inafikiri, inashuka.
Sisemi kitu.
Napeleka kitambaa taratibu, taratibu,
kama vile mimi ndiye niliyetaka pole pole.

Halafu anaigeuza nguo nje ndani,
macho yake siku hizi yamo vidoleni,
anapapasa mshono wote kwa ndani
kama mtu anayehesabu noti mbele ya karani:
kimoja, viwili, vitatu, vinne.
Upande wa pili: kimoja, viwili, vitatu,
anasita,
vinne.
"Sawa."

"Haya, leta na lako. Jumapili lilikubana matakoni,
kanisa zima liliona."
Naleta. Anaingiza kidole ndani ya mshono, anatafuta,
anashuka hadi pindo, anarudi juu, anatafuta.
"Nani alikushonea hili?"
"Nililinunua dukani, mama. Kampala."
"Mm."
Analikunja mara nne, ananirudishia.
"Humu hakuna kitu. Vaa lile la kijani."